Tyubu ya TV ya chogo ndani ya mashine ya gemu: kinachoamua ni yoki

Mashine za gemu za kabati, zile ambazo mchezaji husimama mbele yake, akatumbukiza sarafu na kushika fimbo au usukani, si nyingi Mwanza. Chache zilizopo zilikuja kama mitumba kutoka ng'ambo, na ugonjwa wao mara nyingi ni ule ule: kabati ni zima, bodi ya gemu inatoa sauti, lakini picha imefifia, imepoteza rangi moja au haionekani kabisa. Monita ya kuweka badala yake haipatikani madukani, iwe hapa au Dar es Salaam, kwa sababu viwanda vilivyozitengeneza viliacha kazi hiyo zamani. Kinachopatikana ni televisheni za chogo, ambazo bado zimejaa kwenye stoo za mafundi na kwenye vibanda vya vyuma chakavu. Hapo ndipo mafundi wanapogawanyika. Wapo wanaosema tyubu itolewe kwenye TV ya chogo na kuunganishwa na chasisi ya monita iliyokuwamo. Wapo wanaosema kufanya hivyo ni kuharibu vitu viwili kwa mpigo, na kwamba heri kufunga skrini bapa ya kisasa, biashara ikaendelea. Nimezisikiliza hoja za pande zote mbili, na ninaona kwamba kubadilisha tyubu ni njia sahihi kwa mazingira yetu. Tatizo ni kwamba uamuzi huo huchukuliwa mapema mno, kabla ya kupima, na huchukuliwa kwa kuangalia ukubwa wa kioo ilhali kazi hufa au kupona kwenye yoki.

Ili hoja hizo zieleweke, ni lazima kwanza monita igawanywe katika sehemu zake. Kuna tyubu, yaani chombo cha kioo kisicho na hewa ndani, chenye kathodi tatu shingoni (vyanzo vya elektroni, kimoja kwa kila rangi) na unga wa fosfa unaong'aa nyuma ya uso wake. Kuna yoki, ambayo ni koili za shaba zilizovishwa shingoni kwa ajili ya kuuyumbisha mwali wa elektroni kulia na kushoto (mlalo), juu na chini (wima). Kisha kuna chasisi, yaani bodi yenye flaibaki (transfoma inayozalisha umeme mkubwa wa tyubu), transista na kapasita, inayoilisha yoki na tyubu umeme unaohitajika. Kampuni kama Wells-Gardner ya Marekani, Hantarex ya Italia na Nanao ya Japani zilisifika kwa chasisi na fremu zao, lakini tyubu zilinunuliwa kwa watengenezaji wale wale waliokuwa wakiviuzia viwanda vya televisheni. Kwa hiyo anayedai kwamba tyubu ya TV ni kitu duni kisichostahili kuingia kwenye mashine ya gemu anasahau kwamba tyubu iliyomo humo tangu mwanzo ni ndugu wa hiyo anayoidharau.

Kuna dhana nyingine potofu inayostahili kuondolewa mapema. Husemwa kwamba TV zetu ni za mfumo wa PAL, picha 50 kwa sekunde, na kwamba mashine za Marekani na Japani hutoa picha takriban 60, kwa hiyo haziwezi kuoana. PAL ni utaratibu wa kufunga rangi ndani ya mawimbi ya matangazo, na kazi ya kuifungua hufanywa na saketi iliyo kwenye bodi ya TV. Tyubu haijui lolote kuhusu PAL. Inachojua ni nguvu ya mwali unaotoka kwenye kila kathodi na mahali yoki inapoupeleka mwali huo. Bodi ya gemu hutoa rangi nyekundu, kijani na buluu kila moja kwenye waya wake, na chasisi ya monita huzifikisha kathodini bila kuzichanganya. Hata kasi ya mistari iko karibu sana: TV ya PAL huchora mistari 15,625 kwa sekunde, na mashine nyingi za gemu za miaka ya 1980 huchora takriban 15,700. Kwa upande wa tyubu, tofauti hiyo haina uzito wowote.

Hoja ya kwanza ya wanaounga mkono ni kwamba tyubu huchakaa, na uchakavu wake hauna dawa ya kudumu. Mashine iliyowashwa kutwa kwa miaka mingi ikionyesha picha ile ile huunguza fosfa mahali pale pale. Mfano unaojulikana zaidi ni Pac-Man ya mwaka 1980, ambayo kuta zake za njia za panya hubaki zimechorwa kwenye kioo hata umeme ukizimwa. Hakuna kapasita wala transista itakayoufuta mchoro huo. Kathodi nazo huchoka: picha huchukua muda mrefu kung'aa baada ya kuwasha, sehemu nyeupe huanza kuvuja pembeni, na rangi moja hutangulia kufa. Vipo vifaa vya kuzifufua kathodi kwa kuzipandishia umeme kwa muda mfupi, na wakati mwingine husaidia, lakini kila ufufuo hula sehemu ya uhai uliobaki. TV ya nyumbani, kinyume chake, imeonyesha picha zinazobadilika kila dakika, na kioo chake mara nyingi ni safi.

Hoja yao ya pili inatokana na historia ya televisheni kwetu, na kwangu ndiyo yenye nguvu zaidi. Tanzania Bara ilianza kupata matangazo ya televisheni mwaka 1994, miaka kama 20 baada ya Zanzibar, na karibu kila TV iliyoingia majumbani katika miaka iliyofuata ilikuwa ya chogo. Kisha mitambo ya analojia ikaanza kuzimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, na mapema mwaka 2013 ikawa zamu ya Mwanza. Ving'amuzi viliziongezea TV hizo miaka, lakini bei ya skrini bapa iliposhuka, watu walizihamishia stoo, na kutoka stoo zikaenda kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Huko tyubu haina thamani. Kinachotakiwa ni shaba ya yoki, kwa hiyo shingo hupigwa nyundo, koili zikavutwa, na kioo kikatupwa pamoja na madini ya risasi yaliyochanganywa humo na viwanda ili kuzuia mionzi. Tyubu iliyohamishiwa kwenye mashine ya gemu imeepushwa na nyundo hiyo. Duniani hazitengenezwi tena kwa wingi. Hata Sony iliachana na tyubu zake za Trinitron mwaka 2008. Anayesema tusubiri hadi ipatikane monita halisi anatuambia tusubiri kitu kisichokuja, huku mbadala wake ukipondwa mbele ya macho yetu.

Upande wa pili una jibu zito, na silidharau. TV ya chogo yenye tyubu nzima mara nyingi ni TV inayofanya kazi. Ng'ambo ya maji, Ukerewe na Sengerema, bado kuna nyumba ambazo TV ya namna hiyo, ikiwa na king'amuzi chake juu, ndiyo chombo pekee cha kutazamia taarifa ya habari na mpira. Kuivunja TV hiyo ili mashine ya kuchezea iwake ni jambo ambalo fundi mwenye kufikiri atasita kulifanya, na mimi ninaungana naye. Tofauti ninayoiweka ni hii: TV ambayo bodi yake imeungua kwa umeme uliopanda, ambayo flaibaki yake haipatikani tena, au ambayo tayari iko kwenye mizani ya vyuma chakavu, tyubu yake ni halali ya mashine. TV inayowaka iachwe iwake. Zilizokufa bodi zikabaki na tyubu nzima zipo za kutosha, kwa sababu umeme unaopanda na kushuka huua bodi muda mrefu kabla ya kuua tyubu.

Sasa nije kwenye jambo ambalo pande zote mbili hulipita haraka. Kabla ya kuuliza ni tyubu gani iwekwe, ni lazima ithibitishwe kwamba iliyomo imekufa, na hapa ndipo makosa mengi hufanyika. Picha iliyosinyaa ikawa mstari mmoja mweupe katikati ya kioo ni ugonjwa wa saketi ya wima au waya wa yoki uliokatika, tyubu haihusiki. Picha inayotikisika pembeni au iliyopinda mara nyingi ni kapasita zilizokauka. Kioo cheusi kabisa kinaweza kuwa flaibaki, transista ya mlalo au fyuzi. Hata rangi iliyopotea, ambayo watu huichukulia kuwa ushahidi wa tyubu kufa, huwa na sababu nyingine mara nyingi kuliko inavyodhaniwa.

Katika kibanda kimoja cha Kirumba, hapa Mwanza, nilikaa nikitazama kazi ya namna hiyo. Mwenye mashine, mama anayeendesha mgahawa karibu na mwalo, alikuwa amekwisha kuinunua TV ya kutoa tyubu. Picha yake haikuwa na nyekundu hata kidogo; nyuso za wahusika zilikuwa za kijani kama za wagonjwa. "Fundi, si uweke tu hii nyingine tumalize?" aliuliza. Fundi akamjibu, "Mama, niruhusu nipime kwanza. Nikikuwekea tyubu ugonjwa ukabaki, utanidai hela yako, na utakuwa na haki." Akazima mashine, akaondoa chaji, kisha kwenye bodi ndogo ya shingoni akabadilishana waya mbili ili umeme wa kathodi ya kijani uende kwa nyekundu na ule wa nyekundu uende kwa kijani. Alipowasha, nyekundu iling'aa kioo kizima, na kijani ndiyo iliyotoweka. Kwa jaribio hilo moja kathodi ya nyekundu ilikuwa imethibitika kuwa nzima. Kilichokosekana ni umeme wa kuiendesha. Akaigeuza bodi, akaiweka karibu na taa, na kwenye mguu wa transista moja ikaonekana pete nyembamba nyeusi kuzunguka solda, ufa wa joto la miaka mingi. Aliishika upya kwa solda, akarudisha waya mahali pake. TV ya yule mama ilirudi nyumbani ikiwa nzima.

Jaribio hilo halihitaji kifaa chochote cha gharama, na sijui kwa nini linarukwa mara nyingi kiasi hicho.

Tuseme basi vipimo vimefanyika na tyubu imethibitika kufa. Swali linalofuata ni la yoki, na fundi ana njia mbili. Anaweza kuichukua tyubu ya TV pamoja na yoki yake, jinsi kiwanda kilivyozioanisha, akaiunganisha yoki hiyo kwenye chasisi ya monita. Au anaweza kuiondoa yoki ya TV, akaivisha tyubu hiyo yoki ya monita ya zamani. Njia ya kwanza ina faida kubwa: mipangilio ya rangi iliyowekwa kiwandani, pamoja na pete za sumaku na vipande vya mpira vinavyoshikilia yoki mahali pake, haiguswi. Ubaya wake ni kwamba chasisi ilitengenezwa kwa yoki yenye sifa fulani, na yoki ya TV inaweza kuwa na sifa tofauti kabisa hata kama kwa macho zinafanana.

Koili ya mlalo ndiyo yenye hatari. Induktansi yake, yaani jinsi koili inavyopinga mabadiliko ya mkondo, pamoja na kapasita iliyo jirani na transista ya mlalo, ndiyo inayoamua jinsi mwali unavyorudi haraka mwanzoni mwa mstari, na katika kurudi huko ndipo flaibaki inapozalisha umeme mkubwa wa anodi, ambao kwenye tyubu za rangi hufika volti 20,000 na kuzidi. Ukiweka koili yenye induktansi ndogo kuliko iliyokusudiwa, mkondo huongezeka, picha hupanuka, mwali hurudi kwa kasi zaidi, na kilele cha umeme juu ya transista hupanda. Mashine inaweza kuwaka vizuri, mwenye nayo akafurahi, na transista ikaungua baada ya wiki chache bila mtu kuunganisha sababu na matokeo. Umeme wa anodi uliopanda kupita kiasi huongeza pia mionzi inayotoka kwenye tyubu. Kwa sababu hiyo, kupima omu (ukinzani) za koili ya mlalo kwa mita ya kawaida hakutoshi. Omu zake ni chache mno, mara nyingi mbili au tatu tu, na mita ya bei nafuu haiwezi kuzitenganisha kwa uhakika. Panahitajika kifaa cha kupimia induktansi, ambacho hakipo kwenye kila kibanda lakini si kitu cha kuagizwa kwa mwezi mzima. Fundi asiyekuwa nacho akiazime kwa mwenzake kabla ya kuwasha.

Koili ya wima ina uvumilivu zaidi. Ikitofautiana, picha itakuwa fupi au ndefu kupita kiasi, na mara nyingi kurekebisha kimo kwenye chasisi hutosha. Pale tofauti inapokuwa kubwa, kumbuka kwamba koili ya wima ni nusu mbili. Zikiwa zimefuatana kwenye mstari mmoja, fundi anaweza kuziunganisha sambamba, na omu zake zikashuka hadi robo. Huo ni ufundi halali, unaorudishika, na hauhatarishi kitu ukifanywa kwa kupima.

Kama koili ya mlalo hailingani hata kidogo, inabaki njia ya pili, ya kuhamisha yoki ya monita kwenda kwenye tyubu mpya. Wengi huiogopa, na wana sababu. Yoki nyingi za TV za miaka ya baadaye zimegandishwa kwa gundi, na kuzitoa kwa nguvu huvunja shingo. Kioo kikipata ufa hata mdogo, hewa huingia na tyubu imekwisha; dalili yake ni lile doa la rangi ya fedha ndani ya kioo karibu na shingo, ambalo hugeuka jeupe. Dalili hiyo hiyo itumike sokoni, kabla ya kutoa hela: tyubu yenye doa jeupe iachwe pale pale. Yoki ikishahamishwa, usafi wa rangi na ulinganifu wa miali mitatu lazima upangwe upya kwa kuzungusha pete za sumaku, nukta kwa nukta, hadi nyekundu, kijani na buluu zikutane katikati ya kioo na kwenye pembe zake. Ni kazi ya saa nyingi. Hata ikifanywa na mkono mzuri, pembe moja hubaki ikitofautiana kidogo, na fundi amwambie mwenye mashine hivyo tangu mwanzo.

Kuna vikwazo vingine vinavyoamuliwa kabla ya kufungua skrubu. Shingo za tyubu za rangi zina unene wa aina mbili kuu, milimita 29.1 na milimita 22.5, na yoki au soketi ya shingo moja haiwezi kuingia nyingine. Tyubu nyingi za TV za inchi 14 za miaka ya mwisho zina shingo nyembamba. Pembe ya mwali nayo ihesabiwe: yoki iliyotengenezwa kwa tyubu ya nyuzi 90 haiwezi kuijaza ile ya nyuzi 110, na pembe za picha zitakatwa na kivuli cha shingo. Hita za tyubu hizi hutumia volti 6.3, lakini mkondo wake hutofautiana, na kwa kuwa umeme huo hutoka kwenye flaibaki kwa mapigo ya kasi, mita ya kawaida ikiupima husema uongo. Ukubwa pia una mtego wake. Marekani walipima sehemu ya kioo inayoonekana, ilhali TV nyingi zilizokuja kwetu ziliuzwa kwa kipimo cha kioo kizima. TV yetu ya inchi 14 huwa na tyubu ambayo namba yake huanza na A34, yaani sentimita 34 zinazoonekana, na hizo ni inchi 13 za monita ya Kimarekani. Ile ya inchi 21, A51, inaizidi monita ya inchi 19 kwa takriban sentimita tatu, kwa hiyo masikio ya kufungia hayatakutana na matundu ya fremu na itabidi vyuma vya kuunganishia vichongwe.

Jambo moja linaipendelea TV ya hapa, na sijalisikia likitajwa na upande wowote. Sumaku ya dunia huyumbisha mwali wa elektroni, na viwanda vilirekebisha tyubu kulingana na mahali zitakapotumika. Baadhi ya watengenezaji wa monita walikuwa na matoleo ya kaskazini, ya kusini na ya ikweta. Mwanza iko nyuzi 2.5 hivi kusini mwa ikweta, lakini ikweta ya sumaku hupita mbali kaskazini mwetu, Ethiopia, kwa hiyo hapa mvuto wa wima wa sumaku ya dunia unaelekea upande ulio kinyume na wa Ulaya na Marekani. Monita iliyopangwa kwa ajili ya Chicago inaweza kuonyesha madoa ya rangi pembeni ikifika hapa, na fundi akadhani tyubu imeharibika. Tiba ya kwanza ni kuondoa usumaku kwa koili ya kuzungusha mbele ya kioo; ya pili ni kuzigusa kidogo pete za usafi wa rangi. Mashine zinazolazimu tyubu isimame wima, kama hiyo Pac-Man niliyoitaja, zinahitaji zoezi hilo hata pale tyubu ilipokuwa safi kabisa ikiwa imelala ndani ya TV.

Kuhusu usalama sitaki kuwe na pande mbili. Tyubu hubaki na chaji baada ya umeme kuzimwa. Iondolewe kwa waya ulioshikamana na wavu wa ardhi wa tyubu yenyewe, ukipitishwa chini ya kofia ya mpira ya anodi, na irudiwe baada ya dakika chache kwa sababu chaji hujirudisha. Chasisi nyingi za monita za gemu hazijatenganishwa na umeme wa mtaani. Hutegemea transfoma ya kutenganisha iliyo chini ya kabati. Fundi anayeitoa transfoma hiyo kwa kuwa "inachukua nafasi", au anayeweka ya kushusha volti 230 hadi 110 isiyotenganisha, ameigeuza fremu nzima ya chuma kuwa waya wa moto, na wanaoishika mashine hiyo ni watoto.

Wanaopendekeza skrini bapa wana hoja ya wepesi na ya matumizi madogo ya umeme, na kwa mashine iliyowekwa mgahawani ili kuvuta wateja, naielewa kabisa. Lakini hasara zake ni za kweli. Picha ya gemu za zamani ina mistari takriban 240, na skrini nyingi au vigeuzi vya bei nafuu huipokea kana kwamba ni nusu ya picha ya matangazo, zikachanganya mistari na kuchelewesha mwitikio. Katika gemu ambalo mchezaji hupona au kufa ndani ya sehemu ndogo ya sekunde, ucheleweshaji huo hujulikana mkononi hata kwa asiyeweza kuueleza. Mashine za bunduki, kama Time Crisis ya mwaka 1995, hazitafanya kazi kabisa, kwa kuwa bunduki yake hujua ilipoelekezwa kwa kuukamata mwali unapopita kwenye kioo, na skrini bapa haina mwali.

Ipo njia ya kati, ambayo ningependa mafundi wetu waifikirie zaidi: kutumia TV ya chogo nzima ambayo hakuna nyumba inayoitegemea tena, bodi na tyubu yake, na kuingiza rangi tatu za bodi ya gemu mahali ambapo TV huingiza maandishi yake ya menyu. TV nyingi za miaka ya 1990 na 2000 zina njia hiyo ndani ya saketi kuu ya picha, na nyingi hukubali picha 60 kwa sekunde bila kulalamika. Hapo yoki, tyubu na chasisi hubaki familia moja, na tatizo lote la induktansi huondoka. Inahitaji mchoro wa saketi, uangalifu kuhusu kiwango cha ishara, na uhakika kwamba bodi ya TV hiyo imetenganishwa na umeme wa mtaani. Pale chasisi ya monita nayo imekufa, sioni sababu ya kuhangaika na njia nyingine.

Kwa aina mbili za mashine ushauri wangu hubadilika. Zile zinazochora mistari 24,000 au zaidi kwa sekunde hazifai kupewa yoki ya TV, ambayo itachemka, wala tyubu yenye nukta kubwa, ambayo itatia ukungu maandishi madogo. Na zile zinazochora kwa mistari mitupu ya mwanga, kama Asteroids ya mwaka 1979 na Tempest ya mwaka 1981, zina yoki ya namna yake kabisa. Tyubu ya TV inaweza kuingia, lakini kwa yoki ya asili tu, na yoki hiyo ikiuzwa kwa kilo ya shaba mashine imekufa moja kwa moja.

Linabaki suala la malipo, kwa sababu ndilo linaloharibu uamuzi kuliko ujinga wa kiufundi. Kwa desturi yetu fundi hulipwa anapobadilisha kitu. Anayepima kwa saa tatu akamwambia mteja kwamba tyubu yake ni nzima na kilichohitajika ni solda, huondoka na hela ndogo kuliko yule aliyeing'oa tyubu bila kupima. Mapatano yafanywe kwa hatua mbili: bei ya kupima, inayolipwa matokeo yakiwa yoyote, na bei ya kazi, inayotajwa baada ya vipimo kuandikwa. Vipimo hivyo, pamoja na namba ya tyubu iliyotoka, ya iliyoingia na induktansi ya yoki zote mbili, vibandikwe ndani ya mlango wa nyuma wa kabati, na yoki ya zamani ifungwe kwenye mfuko na kuachwa humo humo, ili fundi atakayefuata aikute.